Breki Si Mahali pa Kiraka

Leo naomba ruhusa nitoke kidogo nje ya tarakilishi. Sitaandika juu ya seva wala hifadhidata. Nitaandika juu ya paipu. Paipu yenyewe ni nyembamba kuliko penseli, inapita chini ya gari lako, na huenda hujaiona hata mara moja tangu ulinunue gari hilo. Mimi nami sikuwa nimeiona. Ndiyo maana nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo najielekezea mwenyewe.

Dai langu ni moja na nitalisema mapema, ili asiye na muda wa kusoma hadi mwisho aondoke nalo. Kama una gari kuukuu, na hasa kama linalala karibu na bahari, badilisha paipu zote za breki kwa mkupuo mmoja, kuanzia kwenye masta silinda hadi kwenye kila gurudumu, kabla hujatumia shilingi yako kwa urembo wowote. Usiunge. Usikunje. Usitie kiraka. Wala usinunue mipira ya kifahari ya kuonyesha watu huku chuma kilichooza kikibaki pale pale.

Najua kuna watakaonuna. Haya, nuneni, lakini someni.

Gari la mjomba

Gari lenyewe ni Toyota Corolla KE70, lile ambalo wengi tunaliita DX, la mwaka 1982. Mjomba wangu alilimiliki miaka mingi akiliegesha nje ya nyumba yake Likoni, mahali ambapo upepo wa bahari unaingia hadi kabatini. Huko vyuma havizeeki, huyeyuka. Kufuli la mwaka huu mwakani halifunguki.

Mjomba aliponiachia gari nilifanya kama kijana yeyote mwenye mshahara wa kwanza wa maana. Nililipaka rangi upya. Nikaweka redio. Nikatafuta rimu. Kisha usiku mmoja, badala ya kulala, nikasoma habari za mipira ya breki iliyosukwa kwa waya wa chuma kisichoshika kutu, ile inayotumika kwenye magari ya mashindano. Nikaagiza seti kutoka nje: miwili ya mbele na mmoja wa nyuma. Ilipofika nikaifunga, nikaipiga picha kila upande, nikawatumia marafiki. Wakasifu. Pedali ya breki ikawa imara kidogo chini ya mguu, nami nikatembea kifua mbele kama niliyesomea uhandisi wa magari.

Nililala chini ya gari lile saa nzima. Nilitazama mipira yangu mipya ikimetameta. Paipu ya chuma iliyokuwa shubiri moja tu kutoka puani mwangu sikuitazama.

Desemba 2023, asubuhi, nilikuwa nampeleka mama mjini. Wanaovuka Likoni wanaijua ile teremko ya kuingilia feri. Magari yanashuka polepole, mbele kuna chombo, na nyuma ya chombo kuna bahari. Mbele yangu kulikuwa na tuktuk imebeba akina mama wawili na mtoto mwenye sare za shule. Tuktuk ikasimama. Nikakanyaga breki. Pedali ikashuka, ikashuka, ikashuka, kama ngazi uliyodhani ipo kumbe haipo.

Nilivuta hendibreki kwa mikono yote miwili. Karibu na sakafu kabisa pedali ikapata kitu kidogo cha kushika, gari likakokota, likasimama. Kati ya bampa yangu na tuktuk ile ungeweza kupitisha kiganja. Mtoto aligeuka akanitazama. Mama hakusema neno hadi tulipofika ng'ambo, kisha akasema, "Mwanangu, hili gari umelitengeneza nini hasa, kama si hicho?"

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya.

Kwa nini hatukuingia baharini

Tuelewane kwanza jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, kwa sababu wengi wetu tunaendesha gari kama tunavyotumia programu: tunabonyeza, tunategemea.

Ukikanyaga pedali, unasukuma pistoni ndani ya masta silinda. Pistoni inasukuma majimaji. Majimaji hayabanwi yakapungua, kwa hiyo presha ile ile inafika kila mwisho wa paipu na kusukuma pedi au viatu vya breki kwenye gurudumu. Kanuni hiyo ni ya Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17. Mwaka 1921 gari la Duesenberg Model A huko Marekani liliuzwa likiwa na breki za majimaji kwenye magurudumu yote manne, na tangu hapo wazo lenyewe halijabadilika sana.

Sasa hesabu kidogo, msiogope. Tuseme mguu wako unakanyaga kwa uzito wa kilo 40, yaani kama nyutoni 400. Mkono wa pedali unauzidisha tuseme mara 5: nyutoni 2,000. Masta silinda yenye kipenyo cha milimita 20 ina eneo la milimita za mraba 314. Gawanya, unapata megapaskali 6.4. Kwa lugha ya pale petroli stesheni unapojaza upepo, hiyo ni zaidi ya 900 psi. Tairi lako lina kama 30 psi. Kwa hiyo ndani ya ile paipu nyembamba kuna presha ya tairi mara 30, na bado hatujaongeza msaada wa busta wala ule mguu wa mtu aliyeshtuka. Mtu aliyeshtuka hakanyagi kilo 40. Anakanyaga maisha yake yote.

Fahamu maana yake: paipu iliyodhoofika haichagui kupasuka siku ya mwendo wa kawaida. Inashikilia unapokanyaga kidogo kidogo, inapasuka siku unapokanyaga sana. Yaani inakutupa siku ile ile unapoihitaji.

Kilichotuokoa ni uamuzi wa wahandisi wa zamani. Ndani ya masta silinda ya gari kama langu mna pistoni mbili, moja nyuma ya nyingine, na kila moja ina njia yake. Moja inalisha magurudumu ya mbele, nyingine ya nyuma. Njia moja ikipasuka, pistoni yake inakwenda bure hadi mwisho wake, kisha njia ya pili inapata presha. Ndiyo maana pedali ilishuka mbali kabla ya kushika. Marekani ililazimisha mpango huu wa njia mbili kwa magari mapya kuanzia mwaka 1968. Sisi wa programu tungeuita mfumo wa akiba. Lakini kila mwanaprogramu anajua jambo hili: mfumo wa akiba ukishaanza kufanya kazi, huna akiba tena. Una bahati.

Fundi na kiraka chake

Nilimpeleka fundi wa mtaani gari likiwa limevutwa. Akaliinua, akaingia chini, akatoka na jibu dakika mbili baadaye. Mipira yangu ya kifahari ilikuwa salama kabisa, haina hata doa. Iliyopasuka ni paipu ya chuma inayokwenda nyuma, pale ambapo kibano cha bati kinaishika kwenye sakafu. Pale mchanga na maji ya chumvi hukaa mwaka mzima, hakuna jua, hakuna upepo. Bandu bandu huisha gogo. Niligusa paipu ile kwa ukucha ikabomoka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai.

Fundi akanipa njia mbili. Ya kwanza: kukata pale palipooza na kuunga kwa kiungio cha kubana. "Saa moja tu, bosi, unarudi barabarani." Ya pili, kama sina haraka ya kutumia breki za nyuma (haya ni maneno yake): kuikunja paipu kwa koleo, kuigonga nyundo hadi izibe, na kuendesha kwa breki za mbele peke yake. "Za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa," akaniambia. "Magari mangapi yanatembea hivyo!"

Mjomba alikuwapo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaunga mkono kiungio. "Mwanangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziba hapo, maisha yaende."

Namheshimu mjomba, lakini methali ile inazungumzia ukuta. Ukuta una ufa mmoja, na pembeni ya ufa kuna jiwe zima. Paipu iliyooza haina ufa mmoja. Ina mahali pamoja palipopasuka na mahali kumi panaposubiri zamu. Umri ule ule, chumvi ile ile, chuma kile kile. Ukiziba pale, umehamisha tatizo hadi sehemu dhaifu inayofuata, na safari hii hujui iko wapi. Kwenye kazi yangu tunafanya upuuzi huo kila siku. Programu inaanguka, tunatia kiraka kwenye mstari ulioanguka, tunafunga ripoti, tunakwenda nyumbani. Wiki inayofuata inaanguka mistari mitatu chini yake. Tofauti ni kwamba programu ya mishahara ikianguka, watu wanalipwa Jumanne badala ya Jumatatu. Paipu ikianguka Likoni, hakuna Jumanne.

Na kiungio cha kubana? Vile viungio vya pete na nati, vinavyotumika kwenye maji na gesi, vinashika paipu kwa kuibana tu. Havikutengenezwa kwa mamia ya psi yanayokuja na kuondoka kila unapokanyaga, pamoja na mtetemo wa barabara zetu. Paipu ikiteleza kutoka kwenye pete, haitoi tone la onyo. Inachomoka. Ukikuta kiungio cha namna hiyo kwenye breki zako, usijadiliane nacho. Kitoe.

Na kukunja? Mfumo wa gari ulipimwa kwa magurudumu manne. Ukiua ya nyuma, mwendo wa kusimama unarefuka na ya mbele yanabeba mzigo wote hadi yapate moto. Ukiziba gurudumu moja tu, gari linavutwa upande mmoja unapokanyaga kwa nguvu. Kisha unaliuza gari, humwambii mnunuzi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa atakayeumbuliwa ni mwingine kabisa.

"Lakini wewe mwanaprogramu unajua nini?"

Najua hoja zenu. Nimezisikia zote, na nyingine nilikuwa nazo mimi mwenyewe.

*"Gari likitembea usiliguse."* Hii ndiyo dini ya wenye magari ya zamani, na kwa bahati mbaya ndiyo dini ya wenye programu za zamani pia. Kutembea si ushahidi. Asubuhi ile gari langu lilitembea vizuri kutoka nyumbani hadi kwenye teremko. Darasani tulifundishwa kwamba jaribio likifaulu linakuambia tu kwamba safari hii hukuona kosa. Hata mashine ya ukaguzi inayozungusha magurudumu inapima nguvu ya breki ya leo. Haipimi unene wa chuma kilichobaki chini ya kutu.

*"Nimeshabadilisha mipira, ile ya mashindano."* Hongera, mimi pia nilifanya hivyo! Mipira hiyo si mibaya. Ndani ina tefloni, nje ina waya uliosukwa, na haivimbi sana chini ya presha, kwa hiyo pedali inakuwa imara. Lakini mpira wa kawaida ulio mzima na mpya unatosha kabisa kwa gari la kwenda sokoni. Sheria za Marekani zinataka mpira mwembamba wa breki za majimaji uvumilie 4,000 psi kwa dakika mbili na usipasuke chini ya 7,000 psi. Huo ndio mpira unaoudharau! Tena waya uliosukwa una tabia zake: unasaga chochote unachokigusa kama msumeno, na unafunika kilicho ndani, kwa hiyo huwezi kuona mpira ukichakaa kama unavyoona nyufa kwenye mpira mweusi wa kawaida. Ukiutaka, ununue wenye alama za viwango, uufunge mwisho kabisa, baada ya kila kitu kingine kuwa kizima. Mimi niliufunga kwanza. Niliboresha sehemu inayopigwa picha.

*"Nitaweka shaba ya friji, haishiki kutu."* Hapana. Shaba tupu ni laini, na mtetemo unaifanya iwe ngumu na dhaifu hadi ipate nyufa. Anayekuuzia paipu ya friji kwa ajili ya breki anakuuzia bomu lenye subira.

*"Chuma ndicho kilichotoka kiwandani."* Kweli, na chuma kipya chenye ngozi ya kukinga kutu ni halali kabisa. Lakini kuna kitu bora kwa watu wa pwani: paipu ya aloi ya shaba na nikeli, kama asilimia 90 shaba na 10 nikeli, pamoja na chuma kidogo. Volvo wa Uswidi walianza kuitumia kwenye magari yao mwaka 1976, kwa sababu barabara zao humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Chumvi yao wanaimwaga, yetu inakuja na upepo bure. Na aloi hiyo hiyo ndiyo inayotumika kwenye mabomba ya maji ya bahari ndani ya meli. Msomaji wa Mombasa, unahitaji ushahidi gani zaidi? Kama inavumilia maji ya bahari yakipita ndani yake, itavumilia hewa ya Likoni. Zaidi ya hapo inapindika kwa mkono, kwa hiyo fundi anaifuata njia ya zamani bila kupigana nayo.

*"Ni ghali."* Hapa naomba tuseme ukweli. Kazi nzima ya paipu mpya, mipira mipya ya kawaida na majimaji mapya kwa gari langu ilinigharimu pungufu ya ile mipira mitatu ya mashindano niliyoagiza kwa ajili ya picha. Tunazo pesa za redio. Tunazo pesa za rimu. Pesa za breki ndizo huwa "mwezi ujao".

Kazi yenyewe inavyofanywa

Sikumfukuza fundi. Fundi si adui katika makala haya. Nilimwambia, "Fundi, nina wakati, nitalipa kazi kamili, tung'oe zote." Akanitazama kama aliyesikia lugha ngeni, kisha akatabasamu. Akaniambia anaijua kazi kamili, ila hakuna anayemwomba. Wateja wote husema, "Nifanyie ya haraka." Hapo ndipo nilipoona aibu. Tunawalaumu mafundi kwa viraka tunavyoviagiza sisi wenyewe.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi wako, nenda ukijua mambo haya:

1. Magari ya Kijapani ya umri huo kwa kawaida yana paipu ya milimita 4.75 na nati za milimita 10 zenye uzi wa milimita 1. Ya Kiingereza na ya Ulaya huweza kuwa na uzi au midomo tofauti. Nati ikikataa kuingia kwa vidole, si yake. Usiilazimishe kwa spana.

2. Mdomo wa paipu huchanuliwa kwa chombo maalumu. Kwa magari ya Kijapani mdomo hukunjwa mara mbili, kuta mbili zikalaliana. Mdomo uliochanuliwa mara moja tu ni mwembamba na hupasuka. Fundi akichanua kwa bisibisi na nyundo, chukua gari lako uondoke. Na ingiza nati kwenye paipu kabla ya kuchanua! Tulisahau mara mbili.

3. Paipu mpya ifuate njia ya zamani na ishikwe na vibano vyake vyote, mbali na ekzosi na mbali na chochote kinachozunguka. Paipu inayoning'inia inajisaga yenyewe.

4. Mipira mitatu ibadilishwe pamoja na paipu. Mpira wa zamani huweza kuvimba kwa ndani ukawa kama mlango wa upande mmoja: presha inaingia, hairudi, gurudumu linabaki limeshikwa na gari linavutwa upande. Watu hubadilisha pedi mara tatu kabla ya kushuku mpira.

5. Majimaji mapya. Tunayaita "mafuta ya breki", lakini si mafuta, na jina hilo limeharibu magari mengi. Ukitia mafuta ya injini au ya giaboksi humo, raba zote za ndani huvimba na kuharibika. Majimaji ya kawaida pia hunywa unyevu wa hewani, unyevu unaotia kutu kwa ndani na kushusha joto la kuchemka. DOT 3 mpya huchemka si chini ya nyuzi 205 za selsiasi, lakini ikishanywa maji kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kwenye mteremko mrefu, majimaji yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa. Pedali inazama ingawa hakuna kilichopasuka. Hapa pwani penye unyevu, yabadilishe kila baada ya miaka miwili.

6. Toeni hewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari lenye usukani kulia kama langu ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Chombo cha majimaji juu kisikauke hata mara moja, la sivyo mnaanza upya.

7. Mwisho, injini ikiwa imewashwa, mtu akanyage kwa nguvu zake zote na ashikilie dakika nzima, huku mwingine akipita na tochi kwenye kila kiungo. Kavu ni kavu. "Unyevu kidogo tu" ni uvujaji.

Tulimaliza kwa siku mbili. Roli moja ya futi 25 ya shaba-nikeli haikutosha, tukafungua ya pili. Baada ya wiki nilirudi chini ya gari nikakagua viungo vyote tena. Nilipozitandaza paipu za zamani kwenye sakafu ya gereji, nilihesabu sehemu tano nyingine ambazo kutu ilikuwa imekula hadi chuma kikabaki kama ganda la yai. Tano! Mjomba alizitazama kimya, akaokota kimoja cha vipande vile akakivunja kwa vidole viwili. Akasema, "Na mimi niliwapakia wanangu humu miaka yote hiyo." Hakutaja tena ukuta.

Gari lako, hatari ya nani?

Kuna watu watasema: gari ni langu, hatari ni yangu, niache. Hoja hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu si kweli. Ukiwa na rangi iliyobabuka, hasara ni yako. Redio ikifa, kimya ni chako. Lakini breki hazikukingi wewe tu, zinamkinga aliye mbele yako. Yule mtoto wa tuktuk hakuchagua gari langu. Hakuwa na nafasi ya kukagua paipu zangu, hakunishauri juu ya kiraka, hakupata hata senti ya pesa nilizookoa. Angepata chuma cha kilo mia nane na zaidi mgongoni na bahari mbele yake, ili mimi niwe na rimu.

Katika kazi yetu tuna msemo wa deni: ukifanya kazi ya haraka leo, umekopa, na utalipa baadaye pamoja na riba. Nilikuwa nausema sana kwenye mikutano. Sikuwa nimefikiria kwamba kuna madeni ambayo mkopaji ni mimi na mlipaji ni mtu nisiyemjua, anayepita njia yake, akinipa mgongo kwa sababu anaamini kwamba nitasimama.

Kwa hiyo usiku huu, kabla hujaagiza chochote cha kung'aa, chukua tochi na mkeka. Weka gari mahali tambarare, zima injini, kama utaliinua liegemeze kwenye stendi imara, kamwe usiliamini jeki peke yake. Fuata paipu kutoka mbele hadi nyuma kwa macho yako mwenyewe. Angalia penye vibano. Angalia pale penye tope lisilokauka. Ukiona kutu inayobanduka, kiungio cha kubana, au ncha iliyokunjwa kwa koleo, gari hilo lisitoke kesho hadi litengenezwe. Panda matatu.

Mipira yangu ya mashindano iko kwenye kasha juu ya kabati. Mama huniuliza mara kwa mara ni ya nini. Namwambia ni ya ukumbusho.